Kufuli la Fundi Abeid

Abeid Mchopa alipokuja kuomba kazi kwenye kiwanda chetu cha chumvi, Juni mwaka 1996, mimi nilikuwa na misimu miwili ya kushona magunia pale, na mahali pangu pa kukaa palikuwa jirani na meza ya msimamizi, Jafari. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Mengine nilisimuliwa na Abeid mwenyewe na mke wake Mwaisha, ambaye tulishona magunia pamoja mpaka tukawa kama ndugu.

Alikuwa mtu wa miaka thelathini, mfupi, mwenye kifua kipana, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alimsalimia Jafari kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, sauti isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akasema, "Mimi ni fundi. Ni kiziwi. Ukisema na mimi niangalie usoni, na mdomo wako usiuzibe."

Jafari alikuwa na tabia ya kuongea huku anashikashika sharubu. Akaushusha mkono.

Abeid alizaliwa Mtawanya, kwa wakulima wa mihogo na korosho. Hadi darasa la tano alisikia kama mtoto yeyote. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamlaza wiki tatu, na alipopata nafuu akamwona mama yake, Bi Mwanaidi, anafungua mdomo na kuufunga bila kutoa kitu. Alidhani ni mama aliyeugua. Shuleni hawakuwa na la kufanya naye, wakamrudisha nyumbani, na watu wakamwambia Bi Mwanaidi amshukuru Mungu kwamba mtoto yu hai, akae naye tu. Bi Mwanaidi hakukubali kukaa naye tu. Alimchukua hadi Chuno kwa binamu yake Salumu, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza mashine za kusaga unga, akamwambia kwamba huyu masikio yamekufa lakini macho hayalali.

Salumu hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno, hata kwa wanaosikia. Alifundisha kwa mikono. Abeid akakulia pale, miaka kumi na minane, kwenye grisi na vumbi la unga. Alikuwa akiweka kiganja juu ya mashine inayofanya kazi, akatulia kidogo, kisha akasema beringi gani imeanza kuchoka. Mafundi wenzake walisikiliza, yeye alipapasa, na mara nyingi walikubaliana. Salumu alipozeeka na karakana ikapungua wateja, Abeid akaanza kutafuta kazi kwingine.

Kiwanda chetu kilikuwa mwisho wa barabara ya mchanga, upande wa kwenda mdomo wa Ruvuma, penye mikoko. Maji ya bahari yaliingizwa kwenye majaruba wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, yakakauka kwa jua, chumvi ikabaki. Chumvi hiyo ilirundikwa chini ya banda, ikapandishwa na mkanda mpana wa mpira, mrefu kiasi cha hatua arobaini, mpaka kwenye kinu cha kusagia. Kutoka kwenye kinu ilishuka kwetu sisi wanawake wa magunia. Mkanda ulitembea juu ya rola za chuma, na chumvi ni adui wa chuma. Haikupita wiki bila rola kuganda, beringi kuliwa, au chumvi mbichi kushikamana chini ya mkanda na kuuvuta upande. Kwa hiyo haikupita wiki bila mtu kuingiza mikono mle.

Umeme tulizalisha wenyewe kwa jenereta. Swichi kubwa ya mkanda ilikuwa ndani ya nyumba ya jenereta, nyuma ya banda, na aliyesimama pale hakuuona mkanda hata kidogo. Kati yake na mkanda kulikuwa na kengele: rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo, na nondo ya kuipigia. Pigo moja, zima. Mapigo mawili, washa. Shabani, mwendesha jenereta, alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kuisikiliza rimu hiyo, na aliyekuwa chini ya mkanda naye akisikia mawili alijua atoke haraka.

Hapo ndipo Jafari alipokwama. Fundi wetu mkuu alikuwa ameondoka kwenda Dar es Salaam, mkanda ulikuwa umesimama siku ya pili, na mtu aliyesimama mbele yake alikuwa amekwisha kumwonyesha rola tatu mbovu kwa kuzizungusha tu. Lakini angemweka vipi chini ya mkanda mtu asiyesikia kengele? Alimwuliza hivyo hivyo, polepole, mkono ukiwa umeshuka. Abeid akaomba aonyeshwe swichi. Aliitazama kwa muda: sanduku la chuma lenye mpini ubavuni, ukishusha umezima, ukipandisha umewasha. Akaomba siku moja.

Kesho yake alirudi na kufuli jipya la shaba alilonunua sokoni Mtwara, na drili ya mkono ya mzee Salumu. Akaomba ruhusa ya kutoboa tundu kwenye mpini na jingine kwenye ukingo wa sanduku, ili mpini ukishushwa kufuli lipite humo na usiweze kupanda.

"Nikizima, nafunga," alisema. "Ufunguo nakaa nao. Hapo sihitaji kusikia."

Jafari alifikiri, akakubali. Nadhani alikubali zaidi kwa sababu ya mkanda uliosimama.

Shabani hakupenda. Swichi ile ilikuwa mkono wake, na sasa mgeni wa jana anaifunga na kuondoka na ufunguo shingoni. Alisema amegeuzwa mlinzi wa nyumba isiyo yake. Msimu mzima salamu yake kwa Abeid ilikuwa ya nusu mdomo, na kwa kiziwi nusu mdomo si salamu. Wengine walifanya mzaha. Kufuli likaitwa kufuli la kiziwi. Idrisa, fundi wa pili, mtu mzima wa miaka arobaini na mwenye watoto sita, alikuwa akigusa masikio yake na kusema kwamba yeye Mungu kampa makufuli mawili, haya hapa.

Abeid aliuona mzaha huo kwenye midomo yao, maana alikuwa akiona kila kitu, lakini hakuacha utaratibu wake. Alishusha mpini, akafunga, akajaribu kuupandisha mpini kwa nguvu, kisha akatembea mpaka kwenye mkanda kuhakikisha kwa macho kwamba umekufa kweli. Ndipo akainama. Wakati huo Idrisa alikuwa amekwisha kukaza nati mbili upande wa pili. Jafari alikuwa akitazama saa.

Mwaka uliofuata alimwoa Mwaisha. Mwaisha alikuwa mtu wa Mikindani, kwa wavuvi, mwepesi wa maneno, na kelele za kinu zilikuwa zikimtesa kwa sababu hakuweza kupiga soga. Akagundua kwamba Abeid, akiwa upande wa pili wa banda, anamwelewa akichezesha midomo tu. Wakawa wanaongea kutwa, kinu kikinguruma, na sisi hatukuambulia neno. Baadaye tulijifunza. Kufikia mwisho wa msimu nusu ya washonaji wa magunia tulikuwa tunasomana midomo, na mambo mengi yalisemwa pale ambayo Jafari hakuyapata. Kaka zake Mwaisha walipinga ndoa. Walimwuliza mume huyo atasikiaje mtoto akilia. Akawajibu, "Nitasikia mimi, yeye atambeba."

Mvua kubwa za mwanzo wa 1998 zilibomoa kingo za majaruba, msimu ukachelewa kuanza, na ilipofika Agosti kila mtu alikuwa mbio kufidia. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, karibu saa sita mchana. Chumvi mbichi ilikuwa imejishika kwenye rola kubwa ya mwisho, kule chini unakoanzia mkanda. Idrisa akapiga rimu mara moja. Shabani akazima. Idrisa akachukua kwangulio, akachuchumaa, akaingiza mkono kati ya rola na mkanda, kama alivyofanya mara nyingi.

Nje ya lango palikuwa na lori lililopata pancha. Dereva alikuwa akihangaika kutoa tairi, akachukua nyundo, akagonga rimu. Mara mbili.

Mkanda ukaondoka.

Sauti ya Idrisa sitaki kuieleza. Sisi wanawake tulisimama sote. Abeid alikuwa kwenye meza ya mafundi, ametuelekea, anasugua beringi kwa mafuta ya taa. Hakusikia kilio. Alichokiona, kama alivyoniambia, ni midomo yote ya upande wetu imefunguka kwa pamoja. Akageuza macho kwenye mkanda, akaona unatembea na miguu ya Idrisa iko chini.

Alianza kukimbia, lakini hakukimbilia kwa Idrisa. Alizunguka nyuma ya banda, akapotea, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani amekimbia damu. Jafari alikuwa amemshika Idrisa kiunoni anamvuta, na kila alivyovuta ndivyo ilivyokuwa mbaya zaidi. Kisha mkanda ukasimama. Abeid alikuwa ameingia kwenye nyumba ya jenereta, akampita Shabani bila neno, akashusha mpini na kutia kufuli. Shabani alisema baadaye kwamba alitaka kupigana naye, mpaka alipouona uso wake.

Alirudi na ufunguo mkononi na spana mfukoni. Jafari alitaka mkanda urudishwe nyuma kwa mikono. Abeid akamwondoa kwa bega, akalegeza nati zilizokaza rola ile, moja huku, moja kule, mpaka mkanda ukalegea wenyewe na mkono ukatoka. Muda wote huo alikuwa akimwangalia Idrisa usoni na kumwambia kwa sauti yake ile bapa: bado kidogo, bado kidogo, sasa.

Meneja wetu, Modesta, alimpeleka hospitali mjini kwa pikapu yake. Mkono ulikuwa umevunjika sehemu mbili, na vidole viwili vilikatwa. Lakini mkono wenyewe ulibaki.

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, tuliitwa sote chini ya banda. Modesta alikuwa mtu wa Masasi, mwanamke wa maneno machache, aliyevaa buti za mpira kiwandani hata siku wageni wakija. Jafari alikuwa ameandaa barua ya kumwachisha kazi Shabani. Shabani alisimama akasema alisikia mawili. Watu wakanong'ona. Mmoja alisema huenda alisinzia, mwingine akasema siku hizi jamaa ana mawazo. Hata Shabani alianza kusitasita, kama mtu anayeshawishika kwamba alisinzia kweli.

Abeid alikuwa akifuata midomo, huyu, yule, kama mtu anayetazama mpira. Akanyoosha mkono.

"Shabani hakulala," alisema. "Nilikwenda kumwuliza dereva. Anasema aligonga rimu ya tairi mara mbili. Shabani alisikia mawili, na mawili yalipigwa. Amefanya kazi yake sawasawa, na Idrisa amevunjika mkono. Msitafute mtu. Utaratibu wenyewe ndio mbaya."

Modesta akamwuliza, akimtazama usoni, ingekuwaje kama angekuwa yeye chini ya rola ile.

"Ningekuwa nimefunga."

"Na Idrisa kwa nini hakufunga?"

Abeid alituangalia sisi kwanza, kisha akajibu. "Kwa sababu ni kufuli la kiziwi."

Hakusema kwa hasira. Lakini pale palikuwa na watu wazima arobaini, na sikuona hata mmoja aliyeinua uso. Shabani alikaa chini mchangani, akajifunika macho kwa kofia yake. Modesta aliikunja ile barua mara mbili, akaitia mfukoni, akauliza yanatakiwa makufuli mangapi. Abeid akamwambia, kila anayeingiza mkono awe na lake, na asiye na lake asiingize mkono.

Yakaja saba. Tatizo likawa kwamba tundu la mpini ni moja na watu ni wengi, siku ya matengenezo makubwa wanaweza kuingia watano kwa mpigo. Abeid akaenda Chuno kwa mzee Salumu, wakachonga bamba la chuma lenye ndoana inayopita kwenye mpini na matundu saba pembeni. Kila mtu akitundika kufuli lake humo, ndoana haifunguki mpaka la mwisho litoke. Kila kufuli liliandikwa namba kwa rangi nyekundu. La kwanza lilikuwa la Abeid, la pili likawekwa kumngoja Idrisa, na la nne alipewa Asia, mwanamke aliyekuwa akifagia chumvi iliyomwagika chini ya mkanda na kupaka grisi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba Asia naye yumo hatarini, ingawa ndiye aliyeinama mle kila siku.

Rimu aliiteremsha Shabani mwenyewe. Hakuambiwa. Alipanda kwenye ngazi, akaikata kamba, akaivingirisha mpaka nyuma ya jenereta. Kuanzia hapo akawa mkali kuliko Abeid. Ukienda kumwambia azime bila kufuli mkononi, alikurudisha, hata uwe Jafari.

Isidhaniwe kwamba Abeid alijua yote. Mwaka 1999 alifunga vizuri, akajaribu mpini, akaenda kufungua mnyororo unaotoka kwenye giaboksi ili abadilishe gurudumu lake la meno. Mkanda ulikuwa na chumvi mbichi juu yake, kwenye mwinuko. Mnyororo ulipotoka, hakukuwa na kitu cha kuuzuia mkanda. Ukarudi nyuma wenyewe, bila umeme wowote, ukamnyaka mkono wa shati na kumchubua kuanzia kiwiko hadi kifundoni kabla shati halijachanika.

Angeweza kuficha. Hakukuwa na mtu karibu ila Asia. Badala yake aliomba watu waitwe, akasimama mbele yao mkono ukivuja damu, akasema, "Nilifunga umeme. Sikufunga uzito." Akaeleza kilichotokea hatua kwa hatua, na kosa lilikuwa wapi, kwamba angepakua chumvi kwanza au angeufunga mkanda kwa mnyororo kwenye nguzo. Tangu siku ile hivyo ndivyo ilivyofanyika. Mwaisha alimkasirikia siku nne. Alisema aliolewa na mtu wa makufuli akidhani amepumzika na wasiwasi.

Idrisa alirudi baada ya miezi minane. Spana hakuweza kuishika tena vizuri, akapewa kazi ya lango. Wiki ya kwanza alikuwa akikaa ameupa mkanda mgongo. Baadaye akazoea.

Ninayotaka kueleza zaidi, hata hivyo, ni siku moja ya Septemba 2003, ambayo ukimwuliza mtu mwingine atakwambia haikutokea kitu.

Malori manne yalikuwa langoni yanangoja chumvi. Asubuhi mkanda ulisimamishwa kwa matengenezo, watu watatu wakaingia, wakamaliza kabla ya saa saba. Shabani akasubiri makufuli yatoke. Likatoka la Abeid, likatoka la fundi mwingine aliyekuwa naye. La nne likabaki. Asia hakuonekana. Tukauliza, na washonaji wawili wakasema walimwona anatoka nje ya lango. Aliletewa habari kwamba mama yake amezidiwa, kijijini kwao, upande wa Msimbati, akapanda nyuma ya baiskeli ya jirani na kuondoka na ufunguo kiunoni. Idrisa naye akathibitisha kwamba alimwona akipita.

Modesta alikuwa mjini. Mkubwa pale alikuwa Jafari, na madereva wanne walikuwa wamemzunguka. Akaagiza msumeno wa chuma.

Abeid akasema kwanza atafutwe. Tukamtafuta. Abeid mwenyewe alipita chini ya mkanda wote akiwa amepiga magoti, akachungulia kwenye koo la kinu, akapanda juu, akashuka. Asia hakuwepo.

"Umeona mwenyewe," Jafari akamwambia. "Hayupo. Walimwona akitoka. Tukate."

"Leo hayupo," Abeid akasema. "Tukikata leo la asiyekuwepo, kesho tutakata la aliyepo."

Jafari akamwambia kwamba yeye ndiye msimamizi. Abeid akakubali kwamba ndiye msimamizi. Hakusimama mbele ya swichi, hakumshika mtu mkono. Alisema tu kwamba kufuli lile si la kiwanda, ni la Asia, na aliyemwambia Asia kwamba hakuna atakayeligusa ni yeye, na Modesta, na Jafari pia, siku makufuli yalipogawiwa.

Jafari alikuwa na msumeno mkononi. Niliona anayapapasa meno yake kwa kidole gumba. Alikuwa mtu wa kazi, sitaki afikiriwe vibaya. Kama malori yale yangeondoka bila chumvi, wa kuulizwa angekuwa yeye. Alisimama hivyo labda dakika moja. Kisha akauweka juu ya pipa la dizeli, akawaendea madereva, akawaambia mkanda umefungwa na wangoje.

Hapo Idrisa akaja kutoka langoni, akasema yeye anakijua kijiji cha kina Asia na ataenda. Mtu akamwambia barabara ni mchanga mtupu na mkono wake ni ule. Akasema baiskeli inaendeshwa kwa miguu. Akaondoka.

Ilichukua saa tatu na zaidi. Madereva walikoka moto, wakapika ugali. Sisi tulikaa kwenye magunia matupu, tukala ming'oko ya Mwaisha, vile viazi vya porini, kwa pilipili. Shabani hakutoka kwenye mlango wa nyumba ya jenereta. Abeid alitumia muda huo kusafisha rola za akiba, moja baada ya nyingine, kama mtu ambaye hana la kungoja.

Asia alifika amekaa nyuma ya baiskeli, khanga imejaa vumbi. Mama yake alikuwa na homa tu, alikwisha kupewa dawa. Alilia kwa aibu, akawa anaomba radhi kwa kila aliyempita. Hakuna aliyemfokea. Hata madereva. Akaingia, akafungua kufuli lake, Shabani akapandisha mpini, na mkanda ukaondoka ukiwa mtupu kama ulivyokuwa mchana kutwa. Malori ya mwisho yalijazwa jua likiwa limeelemea mikoko.

Jumamosi Modesta alirudi, na Jafari akaenda mwenyewe kumweleza kwa nini chumvi ilichelewa. Mimi nilikuwa karibu. Modesta alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna aliyekata. Jafari akasema hakuna. Modesta akasema, "Umefanya vizuri, Jafari," kisha akaanza kuuliza habari za majaruba. Lakini nilimwona Jafari akitoka pale. Alitembea kama mtu aliyetua mzigo. Wiki hiyo hiyo aliweka utaratibu kwamba anayetoka langoni amwonyeshe Idrisa ufunguo wake na kueleza kufuli liko wapi, na Idrisa akaushika utaratibu huo kama nidhamu ya jeshi.

Nilimwuliza Abeid siku moja, tuko kwao Likombe walikohamia, kama siku ile hakuogopa kwamba Jafari atakata kweli. Akasema aliogopa, lakini si sana, kwa sababu aliona Jafari anausikiliza ule msumeno kwa kidole badala ya kuanza kukata. Mtu aliyeamua, alisema, hapapasi.

Mwaka 2006 kiwanda kimoja cha korosho mjini kilimwita akakague mikanda yao. Alikaa siku mbili, akawaachia karatasi ya mambo ya kurekebisha, wakamwambia aje awe fundi wao. Akakataa kwa adabu. Aliniambia kule mashine ni nzuri kuliko zetu, ila watu hawajaanza kukasirikiana vya kutosha mtu akiingiza mkono bila kufunga, na yeye hana nguvu ya kuanza upya. Mzee Salumu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na drili yake ilikuwa kwa Abeid.

Kufikia Oktoba 2007 ilikuwa miaka tisa tangu mtu apelekwe hospitali kwa sababu ya mkanda, ukiacha mchubuko wa Abeid mwenyewe, uliofungwa bandeji pale pale. Alikuwa hajawahi kuchukua likizo. Modesta alimlazimisha, siku kumi na nne. Alikwenda Mtawanya kwa Bi Mwanaidi, akaezeka upya jiko, akapalilia, akalala mchana. Mwaisha anasema siku ya tatu alianza kuuliza leo ni siku gani, na siku ya kumi akawa haongei habari nyingine.

Aliporudi, alifika mapema, akidhani wanamngoja. Mkanda ulikuwa unatembea. Asia alikuwa amebadilisha rola mbili katika zile siku, na ya pili aliibadilisha akiwa na mwanamke mgeni, Martha, ambaye alikuwa amefundishwa na Asia, si na Abeid. Bamba la swichi lilikuwa limepakwa mafuta lisile kutu. Shabani alimsalimia kwa mdomo wote, akarudi kwenye dizeli yake. Jafari alimpungia mkono kutoka mbali na kuendelea kuhesabu magunia.

Abeid alizunguka banda zima akitafuta kitu cha kurekebisha, akakosa. Akaja kukaa karibu yetu, akasema kwamba amejisikia vibaya kidogo. Kisha akasema hapana, amejisikia vizuri sana, na akaomba chai.